Rangi ya Chini

Kwa miaka ishirini Dzifa alichora picha za marehemu wa mji wa Ho, za kuwekwa matangani. Kila turubai alilipaka kwanza rangi ya udongo, ili ngozi ionekane ina joto. Leo, bega likimuuma kwa uchovu, aliyeketi mbele yake ni mama yake, aliyetoka hospitali jana.

"We Dzifa, unanifukia kabla sijafa?"

"Ni rangi ya chini tu, Mama. Haitaonekana."

"Mimi nimeshaiona. Nipakie ya njano. Kwenye udongo nitakaa sana."

Dzifa akachukua tambara, akalifuta turubai lote, akafungua kopo la njano.

Mama akakaza kilemba. "Haya, nitazame."

Dzifa akachovya brashi, akashindwa kuinua macho.