Hukumu ya Dogoli

Siku hizi televisheni haioneshi sehemu mpya ya tamthilia mpaka nyumba nzima ikubaliane, kila mtu kwa rimoti yake, kama mhusika ni mwema au mbaya. Kwa Bi Tunu na mumewe, Mzee Shekue, skrini ilikuwa nyeusi siku ya tisa sasa, na ugomvi wenyewe ulikuwa umewanogea kuliko tamthilia.

"Mbaya!" alisema Bi Tunu huku akimmiminia mumewe chai. "Dogoli kaificha barua ya mkewe ya kuitwa chuo. Mtoto wa watu kasubiri mpaka kachoka!"

"Mwema," Mzee Shekue aling'ang'ania, mdomo umejaa kalmati. "Alimpenda. Angekwenda, asingerudi."

"Majirani wote wameshamaliza, sisi tunatazama kioo cheusi! Ukaidi gani huu, Baba Zaina? Au wewe na Dogoli mmezaliwa tumbo moja?"

Wakacheka wote wawili. Bi Tunu akafuta machozi ya kicheko kwa ncha ya kanga.

"Mwenzio najua kusubiri ni nini," akasema. "Mwaka ule tuliooana niliingojea barua ya chuo cha uuguzi. Mpaka leo haijafika."

Mzee Shekue akaacha kutafuna. Akautazama mkeka, kisha akachukua rimoti yake, akabonyeza "Mbaya".

Bi Tunu alimtazama mpaka chai ikapoa. Halafu akachukua rimoti yake, taratibu, akabonyeza "Mwema".

"Bado hamjakubaliana," televisheni ikasema kwa adabu.