Hewa ya Bwana

Chini ya maji, Mzungu alichomoa kinywani kipira chake cha kuvutia hewa, akamnyooshea Marijani.

Ilikuwa wiki ya tatu wako kisiwani Mbudya. Mzungu huyo, Bwana wao, alizamia na mitungi ya hewa mgongoni. Marijani wa Mbweni alizamia kwa pumzi zake tu, akimbebea kapu la makombe. Siku ya kwanza Marijani alikijaribu kile kipira mdomoni. Bwana alikiosha kwa spiriti mara tatu, mbele ya watu.

"Mdomo yako chafu!" alifoka.

"Kaka, kwani umekula mzoga?" mpishi wao akamtania Marijani. Wote walicheka. Marijani hakucheka, wala hakusahau.

Leo mguu wa Bwana umenaswa na wavu mkuukuu, na kisu anacho Marijani. Ameshakata kamba mbili. Zimebaki nyingi, na kifua kinamwaka kwa kukosa pumzi. Kipira kinatoa mapovu usoni pake. Macho ya Bwana yanamsihi: vuta, usiondoke.

Marijani alitikisa kichwa. Akakibana kisu kwa meno, akapanda juu kuifuata hewa yake.