Lango la Mapigo Themanini

Kwa mara ya tatu mwaka huo, lango la hifadhi ya kisiwani lilimkataa Shekue. Sheria ilikuwa moja tu: mtu ambaye moyo wake unapiga zaidi ya mara themanini kwa dakika haingii, asije akawashtua wanyama.

"Tisini na nne," alisema mlinzi, akisoma bangili ya kipimo mkononi mwa Shekue. "Kaa kivulini utulie, kaka."

"Nitatuliaje, nimesimamishwa hapa tangu asubuhi?" Shekue alifoka. Namba ikapanda hadi mia na tatu.

Binti yake wa miaka saba, Mwanahija, alikuwa ameshapita. "Baba, vuta pumzi kama tunavyofundishwa shuleni," alisema kwa upole, kisha akaenda zake na mwongozaji.

Shekue alibaki ameshika nondo za lango. Alimwona binti yake akifungwa kwenye kamba ya kuteleza juu ya miti, kisha akaachiwa. Alisubiri asikie kicheko, au hata kilio cha hofu. Hakusikia kitu. Kima waliendelea kula majani.

"Mtoto hodari huyu," mlinzi alisema, akitazama mapigo ya Mwanahija kwenye skrini yake. "Sitini na mbili, haijasogea kabisa."

"Mwanahija!" Shekue aliita kwa nguvu zake zote.

Mwanahija aligeuka, akamtazama, akaweka kidole mdomoni kumnyamazisha.