Dakika Kumi za Kukadiria

Jeli ilikuwa imeanza kumkaukia Mwanaidi tumboni pale mpimaji wa altrasaundi alipoongeza nyingine, akawaita wanafunzi wake kwa mara ya tatu waje wauone uso wa mtoto. Mwanaidi aligeuza shingo, akaiona fomu yake mezani: "Muda wa kipimo: dakika kumi." Saa ya ukutani ilikwisha kula dakika arobaini.

"Daktari, hizo kumi umezihesabu saa ngapi?"

"Huwa tunakadiria, mama. Fomu zote tunazijaza asubuhi."

Hasira zikampanda. "Kumbe napimwa mimi tu, mashine haipimwi! Mtoto wangu ni sinema?"

"Tulia, mama. Haina madhara."

"Huenda haina. Lakini wewe utajuaje, ikiwa hata muda ulionimulika huujui?"

Akausukuma mkono wa mpimaji, akaketi, akachukua kalamu. Akaikata ile kumi, akaandika arobaini na tatu. Chini yake zilikuwa fomu za wajawazito waliokuwa bado wanasubiri nje. Kumi. Kumi. Kumi.

Kalamu hakuirudisha. Akazikumbatia fomu zote, akafungua mlango huku jeli ikimchuruzika, na benchi zima likainua macho.