Gari Halipandi Mlima

Gari lilianza kukohoa palepale, mbele ya kiwanda cha matofali. Likatetemeka, likaguna, likazima. Mwalimu akavuta breki ya mkono huku madereva wa nyuma wakimpigia honi na kumpita. Juu ya mlima, paa la hospitali lilionekana waziwazi. Alilitazama kidogo, kisha akaliachia gari lirudi kinyumenyume hadi tambarare, akaliwasha na kwenda gereji.

Hakukasirika. Siku hizi hakuwa akikasirika, wala hakuwa akisikia njaa.

"Umerudi?" fundi alimpokea, akijifuta grisi mikononi. "Mwisho watu watasema tumeoana."

Fundi alikwisha kubadilisha plagi zote. Alibadilisha filta ya mafuta, akasafisha nozeli, hata tangi alilishusha akitafuta uchafu. Kila alipolijaribu mwenyewe, gari lilipanda mlima ule bila hata kuguna.

"Nikiliendesha mimi, swala. Ukiliendesha wewe, bibi kizee mwenye pumu. Hebu nieleze tena, mwalimu. Linaanzaje?"

"Linapungua nguvu taratibu. Nakanyaga mafuta, haliitikii. Halafu linatetemeka na kuzima."

"Na ukienda shuleni?"

"Huko halina neno."

Fundi akakuna kichwa. "Basi ni pampu ya mafuta. Itakuwa inachoka ukifika mlimani."

Alipoinamia kazi yake, simu ya mwalimu iliita. Alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, akipiga kutoka wodini.

"Shemeji, na leo tena? Dada anakuuliza. Tangu asubuhi macho yako mlangoni."

"Gari limezima."

"Si upande hata pikipiki?"

"Niko kwa fundi. Tukimaliza nakuja."

Shemeji akashusha sauti. "Daktari amesema usichelewe."

"Sawa," alisema mwalimu. Akarudisha simu mfukoni, akamuuliza fundi kama pampu mpya ingeweza kupatikana leo.

Ilipatikana. Alikaa juu ya tairi kuukuu akiangalia inavyofungwa. Mtu mmoja alimletea chai. Ikapoa mkononi mwake, kisha mtu huyohuyo akaja kuichukua.

"Leo twende wote," fundi alisema akifunga boneti. "Endesha wewe, mimi nisikilize. Nikishindwa leo, nitafute kazi ya kuuza nyanya."

Njia ya tambarare waliipita vizuri. Injini ilivuma sawasawa, na fundi, sikio kaligeuzia mbele, akawa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Wakakipita kiwanda cha matofali. Mlima ukaanza. Paa la hospitali likajitokeza.

Gari likakohoa.

"Unasikia?" aliuliza mwalimu.

"Nasikia. Kanyaga mafuta."

"Nimekanyaga."

"Kanyaga mpaka mwisho, mwalimu!"

"Ndiyo nimekanyaga mpaka mwisho."

Gari likatetemeka mpaka vioo vikagongana na fremu zake. Likaguna. Likazima. Mwalimu akavuta breki ya mkono.

Fundi aliitazama mishale ya dashibodi, akamtazama mwalimu usoni, halafu akainama kutazama chini ya usukani. Alikaa vile kwa muda. Nyuma yao honi zilianza kulia. Alipoinuka, alimgusa mwalimu goti polepole, kama mtu anayemwamsha aliyelala.

"Ndugu yangu," alisema, "hebu tazama miguu yako."

Mwalimu akatazama. Yote miwili ilikuwa juu ya kapeti, mbali na pedali, imerudi nyuma mpaka visigino vimeingia chini ya kiti.