Yai Sikioni

Tangu kulipokucha Sikudhani hakutulia. Alimwagilia mchicha ambao hangeuchuma tena, akaufagia uwanja uliokwisha kufagiwa, kisha akarudi bandani kumchungulia kuku aliyekuwa akiatamia. Binti yake, Mboni, alikuwa amekuja na gari la kukodi kumhamishia kwake mjini, na mizigo yote ilikwisha kupakiwa.

"Mama, twende. Jirani atawaangalia hao kuku."

"Jirani ana mikono mizito."

Akapenyeza mkono chini ya kuku, akadonolewa, akatoa yai moja na kuliweka sikioni. Ndani, kifaranga kilikuwa kinalia kwa sauti nyembamba huku kikigonga.

Sikudhani akaketi palepale, kwenye maranda na mavi ya kuku, akiwa na gauni lake la safari.

"Siendi, Mboni. Leo siendi. Na kesho sijui."

Mboni alifungua mdomo amkaripie, lakini mama yake alikwisha kumwekea lile yai sikioni. Akalipokea kwa mikono miwili. Huko barabarani dereva alipiga honi, akapiga tena, na chini ya kidole cha Mboni ganda likapata ufa.