Khanga Juu ya Kompyuta

Jumanne, tarehe tisa Machi, Mwanakheri alikufa, picha za moyo wake zikiwa bado mezani kwa madaktari wakubwa, hazijasomwa. Leo chuo kikuu kinataka alama ya dole gumba la mumewe, Mzee Shaibu, kwenye karatasi ya ridhaa, ili kompyuta kubwa za chuo ziwapelekee picha hizo madaktari wa miji mingine.

“Sasa ndiyo mna haraka!” alisema Mzee.

“Zitasaidia wagonjwa wengine, baba,” alisema Rukia, mtunza kompyuta.

Chumba cha kompyuta kilikuwa na baridi ya kutetemesha. Mwanakheri hakuwahi kulala bila soksi. Mzee akatoa khanga ya marehemu mfukoni, akalifunika kabati la kompyuta lililokuwa likivuma.

“Itoe, baba, mashine itapata joto.”

“Ndivyo anavyopenda.”

Rukia akacheka, akaiacha kidogo.

Mzee akachovya dole kwenye wino, akalisimamisha juu ya karatasi.

“Na huko mnakompeleka, kuna baridi?”